Picha Isiyo na Kitu Ndani Yake: Wachoraji wa Kisasa Walichukua Nini kwenye Muziki wa Klasiki

Kila picha ya Wassily Kandinsky au ya Paul Klee inapozunguka kwenye simu za watu, maswali huwa yale yale: hii ni picha ya nini, na kwa nini iitwe sanaa ilhali mtoto wa chekechea angeweza kuichora? Mara nyingi hujitokeza mtu anayejaribu kusaidia kwa kusema kwamba wachoraji hao walikuwa wanachora muziki. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini likiachwa hapo linaongeza mkanganyiko, kwa sababu muziki hauna sura ya kuchorwa, na msomaji hubaki akitafuta noti ndani ya doa la bluu. Uhusiano uliopo kati ya muziki wa klasiki na uchoraji wa kisasa ni wa kweli, una tarehe, barua na majina ya watu, na ukieleweka vizuri unabadilisha kabisa namna ya kuzitazama picha hizo.

Tuanze na maana za maneno. Muziki wa klasiki, kwa matumizi ya makala hii, ni ule muziki wa Ulaya unaoandikwa kwa noti na kupigwa kama ulivyoandikwa, kuanzia kwa kina Bach na Handel, kupitia kwa Mozart na Beethoven, hadi kwa watunzi wa karne ya 20. Wanamuziki wenyewe hulitumia jina hilo pia kwa maana finyu zaidi, ya kipindi cha Haydn na Mozart peke yake, lakini hapa tunaichukua ile maana pana. Uchoraji wa kisasa nao haumaanishi uchoraji wa leo. Ni jina la kipindi kilichoanza Ufaransa katika miaka ya 1860 hivi na kuendelea hadi karibu 1970, ambapo wachoraji waliacha mmoja baada ya mwingine kanuni za kuchora zilizokuwa zikifundishwa katika vyuo vya sanaa. Ndani ya kipindi hicho kulizaliwa sanaa dhahania, yaani picha zisizokusudia kufanana na kitu chochote: hazina mtu, mti wala nyumba, zina mistari, maumbo na rangi tu. Tawi hili ndilo lenye deni kubwa kwa muziki.

Deni lenyewe lilianza kama wivu. Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alipimwa kwanza kwa uwezo wake wa kufananisha: uso uwe kama uso, hariri ing'ae kama hariri. Mwaka 1839 upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris, na kazi ya kufananisha ikapata mshindani ambaye hachoki wala hakosei. Wakati huohuo wachoraji walikuwa wanaingia kwenye kumbi za muziki na kuona jambo ambalo wao hawakuruhusiwa. Hakuna msikilizaji aliyemsimamisha mpiga kinanda katikati ya utunzi wa Bach na kumuuliza, “Hii ni sauti ya nini?” Sauti zilipangwa kwa ustadi, zikasogea, zikagongana na kupatana, na watu wakatokwa na machozi bila kudai kuonyeshwa farasi. Mwaka 1877 mhakiki wa Kiingereza Walter Pater aliandika kwamba sanaa zote hutamani kufikia hali ya muziki, na alikuwa akisema kwa sauti kile ambacho wachoraji kadhaa walikwisha kukihisi.

Mmoja wao alikuwa James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeishi London, ambaye aliziita picha zake za usiku kwa jina la kimuziki, “Nocturne”, yaani utunzi wa usiku, jina alilopendekezewa na Frederick Leyland, mfanyabiashara wa meli aliyekuwa pia mpiga piano. Mwaka 1877 mhakiki maarufu John Ruskin aliishambulia mojawapo, picha ya fataki zikianguka gizani, akimlaumu Whistler kwa kuwatupia watu kopo la rangi usoni. Whistler alimshtaki. Alipoulizwa mahakamani kuhusu picha zake, alieleza kwamba zilikuwa kwanza kabisa mpangilio wa mistari, maumbo na rangi, na kwamba alitaka kuziondolea kila mvuto unaotoka nje ya picha. Alishinda kesi mwaka 1878, akalipwa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote, na gharama za shauri zikachangia kumfilisi. Majibu yake kizimbani yanastahili kukumbukwa, kwa sababu hoja nzima ya sanaa dhahania imo ndani yake, zaidi ya miaka 30 kabla ya wengine kuitekeleza kikamilifu.

Walioitekeleza walikutana na muziki mahali panapojulikana. Mwanzoni mwa Januari 1911, mjini Munich, Ujerumani, Kandinsky alikwenda na marafiki zake wachoraji, akiwemo Franz Marc, kusikiliza onyesho la kazi za Arnold Schoenberg, mtunzi kutoka Vienna. Kandinsky alikuwa Mrusi wa miaka 44, aliyesomea sheria kabla ya kuhamia Munich akiwa na umri wa miaka 30 ili ajifunze kuchora, na mwenyewe alikuwa akipiga selo na piano. Usiku ule zilipigwa, pamoja na nyimbo kadhaa, kwateti mbili za Schoenberg, yaani tungo za watu wanne wenye fidla mbili, viola na selo, na vipande vitatu vya piano alivyovitunga mwaka 1909. Kwateti ya pili, ya mwaka 1908, ilikuwa imezua vurugu ukumbini Vienna ilipopigwa mara ya kwanza.

Ili kuelewa vurugu hizo, mfikirie mwanakwaya. Aliyezoea kuimba kwa do, re, mi anajua bila kuelezwa kwamba do ni nyumbani. Wimbo unaondoka do, unatembea hadi fa na so na la, unaweza hata kupotea kidogo, lakini sikio linajua kwamba mwishoni utarudi. Mwalimu akiisimamisha kwaya kwenye ti na kuiacha hapo, kila aliyeko kanisani anahisi kiporo cha jambo lisilomalizika. Muziki wa klasiki ulijengwa juu ya hisia hiyo ya kuondoka na kurudi kwa takriban miaka 300. Katika sehemu ya mwisho ya ile kwateti ya pili, Schoenberg aliiacha do kwa sehemu kubwa ya safari, na katika vile vipande vya piano akaiacha kabisa. Sauti zote zikapewa haki sawa, hakuna iliyokuwa nyumbani na hakuna iliyokuwa mgeni, na kila moja ikawa inafuata njia yake hadi mwisho.

Hapo ndipo Kandinsky alipoona njia yake mwenyewe. Katika picha, kitu kinachotambulika hufanya kazi ileile ya do. Ukishaona kwamba huyu ni farasi na ile ni nyumba, jicho linatulia, linajua liko wapi, na rangi zote zilizobaki zinakuwa watumishi wa farasi na nyumba. Je, picha inaweza kusimama bila nyumbani? Kwa mchoraji aliyekuwa akihangaika na swali hilo kwa miaka kadhaa, muziki wa Schoenberg ulikuwa uthibitisho kwamba sanaa inaweza kuondoa nguzo yake kuu na bado isiporomoke, mradi sehemu zake zishikane zenyewe kwa zenyewe. Tarehe 18 Januari 1911 alimwandikia Schoenberg barua, ingawa hawakuwahi kukutana, akimweleza kwamba maisha huru ya kila sauti katika tungo zake ndiyo hasa aliyokuwa akiyatafuta katika picha. Schoenberg alijibu kabla mwezi haujaisha. Naye alikuwa akichora: mwaka 1910 alikuwa amefanya maonyesho ya picha zake Vienna, na mwishoni mwa 1911 Kandinsky na Marc waliziweka baadhi yake katika maonyesho ya kwanza ya kundi lao la Blaue Reiter mjini Munich.

Picha aliyoichora Kandinsky baada tu ya onyesho lile ipo hadi leo katika jumba la Lenbachhaus, Munich, na inaitwa “Impression III (Konzert)”. Inafaa kuitazama polepole. Karibu nusu ya turubai imefunikwa na rangi ya manjano inayosukuma kutoka upande wa kulia kama wingi wa kitu usiozuilika. Juu, karibu na katikati, kuna doa kubwa jeusi lenye ncha, ambalo kwa msaada wa rasimu zake tunalitambua kuwa ni piano. Chini kushoto kuna migongo iliyoinama, vichwa vilivyochorwa kwa mkunjo mmoja wa brashi, yaani wasikilizaji wanaoegemea kule sauti inakotoka, na kati yao mna michirizi miwili myeupe iliyosimama wima. Kwa hiyo picha hii haijawa dhahania kamili. Bado ukumbi unaonekana. Lakini angalia ile manjano: haikuwa rangi ya ukuta wala ya taa, haifuati mpaka wa kitu chochote, na ndiyo yenye nguvu kuliko vyote. Rangi imeacha kuwa sifa ya kitu, imekuwa tendo. Nadhani hakuna picha nyingine inayoonyesha kwa uwazi zaidi ule wakati mchoraji anapoiachilia do.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Kandinsky alichapisha kitabu chake kuhusu upande wa kiroho wa sanaa, ambamo aligawa kazi zake katika makundi matatu: “Impression”, iliyotokana na jambo alilolishuhudia, “Improvisation”, iliyochipuka ghafla kutoka ndani, na “Composition”, yaani utunzi, iliyokomazwa taratibu kwa rasimu nyingi. Majina haya yanajibu dai la mtoto wa chekechea. Katika maisha yake yote alitoa kazi 10 tu za kundi la tatu. Kwa “Composition VII” ya mwaka 1913, turubai la mita 2 kwa 3 lililoko Moscow, alifanya rasimu na majaribio zaidi ya 30, kwa penseli, kwa rangi ya maji na kwa mafuta, kisha akalichora turubai lenyewe kwa siku chache za mwishoni mwa Novemba huku mwenzake Gabriele Münter akipiga picha za hatua zake. Kilichoonekana kama mlipuko kilikuwa kimeandaliwa kama mtunzi anavyoandaa simfoni.

Ni katika kitabu hichohicho ndimo ulimozaliwa mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Kandinsky aliandika kwamba manjano ni kama tarumbeta, bluu nyepesi ni kama filimbi, bluu iliyokolea ni kama selo, na nyeupe ni kama ukimya uliojaa uwezekano. Wasomaji wengi wamelichukua hilo kama kamusi: ukiona manjano, andika tarumbeta. Wengine wanasema zaidi, kwamba kisayansi kila noti ina rangi yake, kwa kuwa sauti ni mawimbi na mwanga nao ni mawimbi.

Dai hilo ni la zamani. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, aliugawa upinde wa mvua katika rangi 7 kwa kuulinganisha na hatua 7 za skeli ya muziki, yaani ngazi ya noti kutoka do hadi ti. Lakini ukilichunguza halisimami. Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000, na kwa kuwa kila oktava, yaani hatua ya kutoka do moja hadi do inayofuata juu, huongeza mitetemo mara mbili, hizo ni takriban oktava 10. Mwanga tunaouona, kutoka nyekundu hadi zambarau, haufiki oktava moja kamili. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Ukipiga do na mi kwa pamoja, sikio linazisikia zote mbili, kila moja ikiwa hai. Ukichanganya mwanga mwekundu na wa kijani, jicho linaona manjano na haliwezi tena kuutenganisha mchanganyiko huo. Sikio hubagua, jicho huyeyusha. Kamusi ya kutafsiri moja kwa nyingine haiwezekani.

Wapo, ni kweli, watu ambao sauti huwaletea rangi bila wao kutaka, hali inayoitwa sinestesia. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alieleza maisha yake yote jinsi alivyoziona rangi ndani ya sauti. Lakini hata watu wa namna hii hawakubaliani. Watunzi wawili wa Kirusi, Rimsky-Korsakov na Scriabin, walizipa skeli rangi: kwa wa kwanza C kubwa, yaani skeli kubwa inayoanzia noti ya C, ilikuwa nyeupe, kwa wa pili ilikuwa nyekundu, ingawa wote wawili waliiona D kubwa kuwa manjano. Scriabin aliandika hata sehemu ya taa za rangi katika utunzi wake “Prometheus” wa mwaka 1910, na taa hizo zikawashwa hadharani New York mwaka 1915. Kuhusu Kandinsky mwenyewe, wataalamu bado wanabishana kama alikuwa na sinestesia au alikuwa anatumia lugha ya mfano, na kwa maoni yangu ubishi huo haugusi kiini. Kwamba manjano ni tarumbeta ni habari ya Kandinsky. Kwamba picha inaweza kupangwa kwa mivutano ya rangi kama utunzi unavyopangwa kwa mivutano ya sauti, hiyo ni habari ya kila mtu.

Aliyeifikisha hoja hii mbali kuliko wote ni Paul Klee. Alizaliwa mwaka 1879 karibu na Bern, Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki, mama yake alisomea uimbaji, mke wake Lily alikuwa mpiga piano, na yeye mwenyewe alipiga fidla katika okestra ya Bern kabla ya kuamua kuwa mchoraji. Hapa lazima tuondoe dhana nyingine, kwamba wachoraji wa kisasa walisikiliza muziki wa kisasa. Klee alishikamana na Bach na Mozart. Aliamini kwamba muziki ulikwisha kufika kileleni katika karne ya 18, na kwamba uchoraji ndio uliokuwa bado una kilele cha kupanda. Alipofundisha katika Bauhaus, chuo cha sanaa na usanifu cha Ujerumani, kuanzia 1921, aliwachorea wanafunzi wake vipande vifupi vya sonata (utunzi wa ala) ya Bach kama mistari kwenye gridi, ili waone kwa macho sauti moja ikisonga huku nyingine ikisubiri.

Alichokitafuta Klee ni sauti nyingi kwa wakati mmoja. Mwanakwaya wetu anakijua: soprano, alto, tena na besi zikiwa na njia tofauti, na uzuri ukizaliwa zinapokutana. Picha ya mwaka 1932 iitwayo “Ad Parnassum”, iliyoko Bern, ndiyo kazi yake kuu ya aina hii. Katika tabaka la chini kabisa kuna miraba mipana ya rangi tulivu, inayobadilika taratibu kutoka bluu kwenda rangi ya chungwa. Juu ya miraba hiyo kuna maelfu ya vitone vidogo vya mraba, vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa cheupe kwanza kisha kikafunikwa kwa rangi nyembamba inayopitisha mwanga. Juu ya hivyo kuna mistari michache mizito inayounda kilele kama cha piramidi, kwani Klee alikuwa ametoka kuitembelea Misri miaka michache kabla, pamoja na tao la mlango na duara la chungwa. Tabaka hizi tatu haziyeyukiani. Ukikaza macho kwenye vitone, mistari inarudi nyuma. Ukifuata mistari, vitone vinakuwa mtetemo wa chinichini. Jicho, ambalo tumesema huyeyusha, limelazimishwa kubagua. Jina la picha linakumbusha kitabu cha Johann Joseph Fux cha mwaka 1725, ambacho kwacho Haydn, Mozart na Beethoven walijifunza kanuni za kupatanisha sauti nyingi. Klee alikuwa anataja mahali alikojifunza.

Wengine walijaribu njia zao. Mlithuania Mikalojus Čiurlionis, mtunzi na mchoraji kwa pamoja, alichora “sonata” zenye sehemu zinazofuatana, na František Kupka, Mcheki aliyeishi Paris, alionyesha mwaka 1912 picha aliyoiita fyuga ya rangi mbili, fyuga ikiwa utunzi ambamo sauti moja huanza na nyingine huifuata zikirudia wazo lilelile. Majina ya kimuziki yalikuwa mengi kiasi kwamba mengine yalikuwa pambo tu. Kigezo cha kuyachuja ni rahisi: uliza kama picha imejengwa kwa namna inayolingana na jina, au jina limebandikwa.

Mkondo haukwenda upande mmoja tu. Mussorgsky alitunga mwaka 1874 kazi ya piano iliyotokana na maonyesho ya picha za rafiki yake marehemu Viktor Hartmann, na Kandinsky akaipandisha kazi hiyo jukwaani Dessau, Ujerumani, mwaka 1928 kwa maumbo na taa za rangi. Debussy, alipotunga “Nocturnes” zake za okestra, alizifananisha na mchoraji anayefanya mazoezi kwa rangi ya kijivu peke yake. John Cage wa Marekani, ambaye mwaka 1952 alitoa utunzi maarufu wa dakika 4 na sekunde 33 ambamo mpiga piano hapigi noti hata moja, alikiri kwamba picha nyeupe tupu za Robert Rauschenberg za mwaka 1951 zilitangulia, na kwamba yeye alifuata.

Wala tusiupambe uhusiano huu kana kwamba ulikuwa udugu usiovunjika. Mwaka 1923 Schoenberg, aliyekuwa Myahudi, alisikia kwamba watu wa Bauhaus, Kandinsky akiwa miongoni mwao, walikuwa wakizungumza kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Alimwandikia barua mbili zenye uchungu mkali, na urafiki ulioanza kwa onyesho la Munich haukurudi tena ulivyokuwa.

Anayetaka kujaribu mwenyewe anaweza kuifungua “Impression III” kwenye skrini na kusikiliza sehemu ya mwisho ya ile kwateti ya pili, ambamo sauti ya soprano inaingia ikiimba kuhusu hewa ya sayari nyingine. Asitafute ni noti ipi iliyo manjano. Afuate rangi moja kama anavyofuata ala moja, aone inaanzia wapi, inapambana na nini, inazimwa na nani, kisha arudie kwa nyeusi, halafu kwa nyeupe. Jicho litachoka mapema kuliko sikio, hasa mara ya kwanza, na ni vyema kupumzika kidogo kabla ya kuitazama tena.